Kichekesho Kiandikwe: Mjadala kutoka Milima ya Usambara

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: podikasti za vichekesho kwa Kiswahili hazitafika mbali mpaka zikubali kuandikwa, na wa kutufundisha namna ya kuziandika tunaye tayari. Ni Edwin Semzaba, mtunzi wa tamthilia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2016. Tamthilia yake, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyotoka mwaka 1988, imepita mikononi mwa wanafunzi wa sekondari wasiohesabika. Naisema hoja hii kama mwandishi wa vichekesho, na nimechagua kuipima Lushoto, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, badala ya Dar es Salaam. Dar ina studio, ina wadhamini, ina majukwaa ya kuchekesha, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba kinachoikwamisha podikasti ni vifaa. Milima ya Usambara inaondoa kisingizio hicho. Vifaa huku ni vichache, lakini malighafi ya kichekesho imejaa kuanzia Soni mpaka Mtae: watu waliozoea kubishana kwa adabu, historia ndefu ya serikali kupanda mlima ikiwa na daftari mkononi, masoko ya mboga ambako bei hupatikana kwa maneno, na vijana wenye simu. Kichekesho cha sauti kikiweza kuandikwa na kusimama hapa, kitasimama popote. Wapo wasioikubali hoja hii, na pingamizi zao si nyepesi. Nitaziacha ziseme kwanza, kisha nizijibu.

Kabla hawajaanza, tukumbushane Semzaba alifanya nini. Ngoswe, karani wa sensa na kijana msomi kutoka mjini, anatumwa kijijini kuhesabu watu. Anapokewa kwa Mzee Mitomingi, na hapo anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Tangu siku hiyo kazi iliyomleta inaanza kumponyoka. Penzi linachukua nafasi ya orodha, pombe inachukua nafasi ya akili, na mwisho wa yote karatasi za sensa zinaishia motoni. Mwaka 1988 ndio mwaka Tanzania ilipofanya sensa yake ya tatu tangu Uhuru, baada ya zile za 1967 na 1978, kwa hiyo Semzaba hakutunga kiroja cha kufikirika. Alichukua jambo ambalo kila nyumba ilikuwa ikilijua, akaliuliza swali moja: je, tukimtuma mtu dhaifu? Angalia alivyokipanga kicheko. Hakumpa Ngoswe kigugumizi, wala kitambi cha nguo zilizosokotwa, wala mwendo wa kuchechemea. Alimpa madaraka madogo, akampa tamaa, kisha akamwachia muda. Mtu aliyekuja kuhesabu kaya za wenzake anashindwa kujihesabia hatua zake mwenyewe, na kadiri anavyozidi kuwa mfasaha ndivyo anavyozidi kuzama. Kicheko kinatoka ndani ya kisa. Ukimwondoa mwigizaji mahiri ukamweka wa kawaida, kitapungua, lakini hakitakufa.

“Kaka, podikasti siyo tamthilia,” anaanza kijana anayerekodi. “Watu wanatusikiliza kwa sababu tunaongea tunavyoongea kijiweni. Tunawasha maikrofoni, tunataniana, mtu anacheka. Ukituletea karatasi umetuua. Msikilizaji atajua tunasoma.” Kijana huyu anastahili kusikilizwa, kwa sababu anachokitetea ni utani, na utani ni mkongwe kuliko tamthilia yoyote iliyochapwa. Lakini autazame vizuri huo utani anaoutegemea. Haujawahi kuwa maneno ya ovyo. Una watu wake: babu na mjukuu, mtu na binamu yake, shemeji na shemeji, kabila na kabila ambazo historia imezikutanisha. Una mahali pake, na mahali pake pakubwa ni msibani, ambako mtani huingia akasema yale ambayo mwingine akiyasema atafukuzwa. Anaweza kujilaza kaburini akidai apewe chochote ndipo maziko yaendelee. Anaweza kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Yote hayo yanawezekana kwa sababu kila aliyepo anajua nani ana ruhusa, mpaka uko wapi, na kuuvuka kunagharimu nini. Huo ni mpangilio mkali kuliko wa maandishi mengi. Podikasti nyingi haziishiwi uhuru. Zinaishiwa mpangilio huo. Watu watatu wanakaa mezani, hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake, hakuna wa juu wala wa chini, hakuna kinachoweza kupotea. Wanacheka wao kwa wao saa nzima, na msikilizaji anabaki mlangoni akisikia kicheko asichojua kimetokea wapi.

Ninaposema kuandika, basi, sidai kwamba kila neno liwekwe kwenye karatasi na lisomwe. Vikundi vya vichekesho vya zamani Tanzania vilikuwa na desturi ya kukubaliana kisa kwanza, kila mwigizaji akajua anatafuta nini na mwisho ni upi, kisha maneno yakapatikana jukwaani mbele ya watu. Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam walikaa masikioni mwa taifa kwa sababu walikuwa wahusika wenye tabia zao, ambao msikilizaji aliweza kubashiri watajiingiza kwenye shida gani. Kenya, Vioja Mahakamani imedumu miongo kadhaa kwa sababu mahakama yenyewe ni kisa kilichokwisha pangwa. Hakimu ana kiti chake, mshtakiwa ana kizimba chake, askari ana mlango wake, na mtu mmoja atatoka humo ameadhibiwa au ameachiwa. Ndani ya mpaka huo waigizaji wanaweza kusema watakavyo. Kwa hiyo kijana akiniambia hataki kusoma karatasi, namwambia asiisome. Ila kabla ya kuwasha maikrofoni awe ameandika nani anataka nini, nani anaweza kumnyima, na akinyimwa atapoteza nini. Semzaba aliyajibu hayo yote mapema, ndiyo maana Ngoswe inaweza kuchezwa na wanafunzi waliovaa sare zao za shule, bila jukwaa, na bado watu wakacheka.

“Mwenzangu, unamsifu Semzaba kwa kazi iliyofanywa na mtihani,” anaingilia mwalimu wa fasihi. “Vijana wanamjua Ngoswe kwa kuwa amewekwa kwenye orodha ya vitabu vya sekondari. Ukiuondoa mtihani, nani angemsoma?” Pingamizi hili lingenishinda kama Ngoswe angekuwa peke yake kwenye orodha hiyo. Alikuwa pamoja na Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation na Orodha ya Steve Reynolds, tamthilia mbili zinazohusu UKIMWI, zilizosomwa na wanafunzi wale wale kwa mtihani ule ule. Zote mbili zina uzito wake na zilifika wakati zilipohitajika. Lakini aliyetoka darasani akaenda mtaani ni Ngoswe. Mtu akitaka kumwonya mwenzake asijitie katika mambo yasiyomhusu, humwambia amwachie Ngoswe mambo yake, na anayeambiwa huelewa hata kama hajawahi kukishika kitabu. Mtihani hauna uwezo wa kufanya hivyo. Ungekuwa nao, tungekuwa na msemo kutoka kila kitabu kilichowahi kutahiniwa. Ninakubaliana na mwalimu katika jambo jingine, hata kama halikuwa kusudi lake: mtihani umemdhuru Semzaba. Umemkata vipande vya dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, ukavipanga kwenye daftari la muhtasari, na mwanafunzi akapata alama za juu bila kuisikia tamthilia ikitamkwa na vinywa vya watu wawili wanaopishana. Sauti aliyoiandika mtunzi imenyamazishwa na maelezo kuhusu sauti hiyo. Podikasti inaweza kumrudishia mwanafunzi wa Lushoto, au wa Mlalo, au wa Bumbuli, kile alichonyimwa na muhtasari, tena kwa gharama ndogo.

Mtu wa jukwaa naye ana neno. “Tamthilia ni ya macho. Mwili ndio unaochekesha. Ukibakiza sauti umebakiza nusu, na nusu dhaifu.” Ushahidi wa redio yetu unampinga waziwazi. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliobeba mafunzo ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori aliyezoea wanawake wa njiani, na mkewe Tunu, aliyeamua kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuuona uso wa Mkwaju redioni, lakini watu walimcheka, wakamchukia, wakamjadili kama jirani. Watafiti waliacha eneo la kituo cha Dodoma bila mchezo huo mpaka 1995 ili walilinganishe na maeneo mengine, na waliposoma matokeo waliona kwamba kule ulikosikika matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa yamepanda. Sauti iliyoandikwa vizuri ilibadili maamuzi ndani ya nyumba za watu. Nusu dhaifu haifanyi hivyo. Ebrahim Hussein naye aliwahi kuuonyesha uwezo wa sauti moja, alipotoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, kazi zilizotungwa zibebwe na msimulizi mmoja mbele ya hadhira. Nje ya kwetu, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams ilianza mwaka 1978 kama kichekesho cha redio cha BBC, ndipo ikawa kitabu, na Welcome to Night Vale ya Marekani, podikasti iliyoandikwa neno kwa neno tangu 2012, imezaa riwaya na maonyesho ya jukwaani.

Kwa Usambara sauti ina faida nyingine ya wazi. Malori yanayopakia kabichi, karoti na viazi huko Lukozi huteremka Soni na Mombo, yakasafiri usiku kwenda masoko ya Dar es Salaam. Dereva na utingo wake wana saa nyingi za giza, macho yako barabarani, masikio yako huru. Mkulima anayepalilia shamba la mteremkoni ana mikono yenye kazi na masikio yasiyo na kazi. Hawa hawawezi kutazama video, na wengi wao hawatainunulia bando. Faili la sauti la dakika ishirini ni jepesi, na hupita kutoka simu hadi simu bila kumgharimu mtu sana. Hadhira ipo tayari, imekaa inangoja kisa.

Na kisa chenyewe kipo. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi inasimulia jinsi Mbegha, mwindaji mgeni, alivyoingia milimani akagawa nyama, akaaminiwa, akapewa utawala pale Vuga. Mgeni anayefika kijijini akiwa na kitu mkononi ni mhusika wa zamani sana huku. Mbegha alikuja na nyama. Waliomfuata miaka mingi baadaye walikuja na daftari. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, ambao baadaye ulitandazwa Usambara yote, ukiwalazimisha wakulima kupiga matuta mashambani mwao. Kazi ilikuwa ngumu, faida haikuonekana, na watu walihofia kwamba shamba likishapimwa litachukuliwa. Walipinga kwa miaka, kwa ukaidi na kwa maneno, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman ameueleza ukinzani huo kwa kina katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, akionyesha wakulima wa Usambara kuwa ni watu waliofikiri na kujenga hoja kuhusu ardhi, mvua na utawala. Sisi waandishi wa vichekesho hatujaigusa hazina hiyo. Tuseme ni mwaka 1952, bwana shamba amesimama pembeni ya shamba la bibi mmoja, ananoa penseli kwa kisu kidogo.

— Bibi, umepiga matuta mangapi?
— Unauliza ya mwaka huu au ya mwaka jana?
— Ya mwaka jana sikuyaona.
— Yalikwenda na mvua. Ungewahi kidogo ungekutana nayo njiani, yanateremka Mng'aro.
— Bibi, serikali inataka idadi.
— Basi andika hayo ya mvua. Ukifika huko chini utayahesabu yote kwa pamoja.

Nimeyaandika maneno hayo mwenyewe ili kuonyesha jambo moja, namna Semzaba anavyofundisha. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyepiga kelele, hakuna lafudhi iliyodhihakiwa. Mwenye penseli ana nguvu zote za dola, mwenye jembe hana chochote ila anajua mvua ya mlima wake. Kicheko kinatokea pale nguvu inapokutana na ujuzi ikashindwa pa kushika. Na yote yanasikika: kisu kikikwangua mti wa penseli, jembe likisimama, kimya cha bwana shamba anapotafuta pa kuandika. Mwandishi wa sauti anaandika na kimya pia. Karibu zaidi na sisi kuna sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Makarani wake walibeba vishikwambi badala ya makaratasi. Ngoswe wa leo hana cha kuchomewa moto. Atakuwa Mtae, ukingoni mwa genge, akizunguka na kishikwambi juu kutafuta mtandao, huku kijiji kizima kikimwelekeza kilima kilicho bora zaidi kwa sababu ambazo kila mmoja anazo. Kisa hicho kinamngoja mtu wa kukiandika.

“Mwanangu, usitudanganye,” anasema mzee wa milimani. “Wachekeshaji wametuzoea. Wakitaka mshamba wanamvika koti zito na buti, wanampa lafudhi ya Kisambaa, watu wanacheka. Hiyo podikasti yenu itatuongezea dhihaka.” Mzee amegusa kidonda cha kweli, na hakiko Usambara peke yake. Sehemu kubwa ya vichekesho vyetu vya televisheni na simu imesimama juu ya lafudhi: Mpemba, Mkurya, Mmakonde, Mchaga, Msambaa, kila mmoja na ujinga aliogawiwa. Hicho ni kichekesho cha mtu asiyeandika. Lafudhi hutumika pale kisa kinapokosekana, kwa sababu inachekesha sekunde ya kwanza bila kuhitaji sababu. Hapa ndipo Semzaba ananisaidia zaidi. Wanakijiji wake wana udhaifu wao, wengine hawaelewi sensa ni ya nini na hofu zao zinachekesha, lakini uzito wa kosa ameuweka kwa msomi. Aliyeaminiwa ndiye aliyeanguka. Watu wa kijijini wanapotoa maneno ya kuchekesha, mara nyingi ni kwa sababu wameuliza swali ambalo karani hakuandaliwa kulijibu. Tanga ilitupa pia King Majuto, Amri Athumani, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2018, ambaye sauti yake ya mzee wa Kitanga ilipendwa nchi nzima. Hakuibeba lafudhi kama vazi la kuazima. Ilikuwa ya kwake, na mhusika wake alikuwa na ujanja, tamaa na utu. Mzee akisikia mtu wa kwao akiongea kwa lafudhi yake huku akimshinda hoja mwenye daftari, hataiita dhihaka. Sharti langu kwa mwandishi wa podikasti ni kwamba lafudhi imwonyeshe mtu anatoka wapi, isitumike kumshusha.

Mwanamke aliyekuwa akisikiliza muda wote anauliza: “Na Mazoea? Mnamzungumzia Ngoswe tu. Jina la tamthilia linasema penzi ndilo kitovu cha uzembe, kana kwamba binti ndiye aliyeiunguza sensa.” Kati ya pingamizi zote, hili ndilo ninalolikubali kwa sehemu kubwa. Semzaba aliandika ili kuonya, na onyo lake linamfanya Mazoea awe kikwazo barabarani mwa mwanamume aliyekuwa na kazi ya taifa. Tunajua karani alimpenda na tunajua kazi iliharibika. Tunajua kidogo mno kuhusu alichokiona msichana wa kijijini katika mgeni mwenye karatasi za serikali: njia ya kutoka, pengine, au mtu wa kwanza aliyemuuliza jina lake akaliandika. Lakini udhaifu huu haumwondolei mtunzi ualimu wake. Unatupa kazi. Mchezo wa sauti unaweza kuwekwa masikioni mwa Mazoea, tukasikia yale anayoyasikia yeye jikoni wakati wanaume wanaongea barazani, na tukacheka naye. Katika habari ya matuta vilevile, jembe halikuwa mikononi mwa wanaume peke yao. Podikasti nyingi za vichekesho zimejaa wanaume wanaowazungumzia wanawake ambao hawamo chumbani. Mwandishi anayemwandikia mwanamke nia yake, hila zake na ushindi wake atapata nusu ya kicheko cha nchi hii ambayo bado haijavunwa.

Limebaki la sheria na fedha. “Nani atathubutu?” anauliza mwenye tahadhari. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na redio na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni kwa gharama ya takriban shilingi milioni 2, ada ambazo baadaye zilipunguzwa. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa kwa video akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo. Mtu akiogopa, sina haki ya kumwita mwoga. Nasema tu kwamba kuandika kunampa mchekeshaji nafasi ambayo maneno ya papo kwa papo hayampi. Anayeropoka mbele ya maikrofoni anamtaja mtu. Anayetunga anaitaja tabia. Semzaba alitoa Ngoswe mwaka 1988, miaka minne kabla ya vyama vingi kurudi, na kisa chake ni cha mtumishi wa serikali aliyeharibu kazi ya serikali kwa ulevi na tamaa. Kitabu hicho hicho kikaingia shuleni, kikasomwa kwa idhini ya serikali hiyo hiyo. Hakumtaja karani yeyote aliye hai, na kila karani alijiona. Kuhusu fedha, mwandishi ndiye gharama ndogo kuliko zote katika utayarishaji wa sauti na ndiye anayekatwa wa kwanza. Wadhamini wananunua maikrofoni, taa na meza, kisha wanamwomba mwandishi ajitolee. Anayetaka podikasti idumu amlipe mwandishi kabla ya kumlipa mtu wa picha.

Nawaomba vijana wa Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli wenye vikundi na ndoto za kurekodi: kaeni na wazee waliosimuliwa habari za matuta, kaeni na makarani wa sensa ya 2022, kaeni na madereva wa Lukozi, mwandike. Isomeni Ngoswe kwa sauti, mgawane wahusika, mfunge madaftari ya muhtasari. Nawaomba na walimu wa fasihi wawaruhusu wanafunzi kuirekodi darasani, kwa sababu simu moja inatosha. Na kituo chochote cha redio cha Tanga kikitaka mchezo wa mfululizo kuhusu mgeni aliyepanda mlima na daftari, kimwajiri mwandishi wa hapo hapo mlimani, kimlipe, na kimpe muda wa kufuta na kuandika tena.